Fidla Iliyochelewa Kufika

Haya, wajukuu zangu, sogeeni. Leo sungura na fisi wapumzike. Mhusika wangu hana miguu wala mdomo, lakini amevuka milima ya Alps, amefichwa ndani ya droo kwenye nyumba ya shamba, amebishaniwa na wasomi, na umri wake umepita miaka 300 bila uso wake kupata kunyanzi. Ni fidla. Fidla ya aina ile ile mnayoiona kwenye kundi la taarabu Unguja au Tanga, mpigaji ameiegemeza begani, kidevu kimeilalia, na mkono wa kulia unakwenda na kurudi na upinde. Hii yetu tofauti yake ni moja: haipigwi. Imekaa ndani ya kabati la kioo katika Makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford, Uingereza, na watu hutoka nchi za mbali kwenda kuitazama tu.

Jina lake ni Masihi. Naona mnatazamana. Chombo cha muziki kiitwe Masihi? Ngojeni, tutafika. Jina hilo lilizaliwa kwa mzaha, tena mzaha wa mtu aliyechoka kusubiri.

Twende kwanza Cremona. Ni mji mdogo kaskazini mwa Italia, karibu na mto Po. Katikati ya miaka ya 1500, fundi mmoja wa huko, Andrea Amati, alikuwa akitengeneza fidla zenye umbo hili tunalolijua leo. Watoto wake wakarithi kazi, wajukuu wakarithi, ufundi ukaenea hadi kwa majirani. Mwaka 1680 fundi mwingine, Antonio Stradivari, alinunua nyumba kwenye uwanja wa San Domenico katika mji huohuo. Nyumba haikukaa tupu: alioa, akafiwa na mke, akaoa tena, na kwa ndoa zote mbili akapata watoto 11. Na kazi haikumwishia. Wataalamu wanakadiria kwamba maishani mwake alitengeneza vyombo zaidi ya 1,000, vingi vikiwa fidla, lakini pia selo, viola na hata magitaa. Karibu 650 bado vipo.

Mwaka 1716 alikuwa mzee wa miaka 70 na ushee. Wenzake wa umri huo, waliobahatika kuufikia, walikuwa wanakaa barazani kuota jua. Yeye ndiyo kwanza mkono umekolea. Miaka ya kuanzia 1700 hadi karibu 1725 ndiyo inayoitwa enzi yake ya dhahabu, na ni katikati ya enzi hiyo alipochukua kalibu yake ya mbao akaanza kutengeneza fidla ninayowasimulia.

Hapa tukae kidogo. Msipojua fidla inavyotengenezwa, hamtaelewa kwa nini watu wazima wenye akili zao walikuja kugombea vipande vya mti vilivyounganishwa kwa gundi.

Fidla ina vipande karibu 70. Vikubwa ni uso na mgongo. Uso ni ubao mwepesi wa mti wa jamii ya msonobari unaomea juu milimani. Kule baridi ni kali na msimu wa kukua ni mfupi, kwa hiyo mti unanenepa polepole mno, na nyuzinyuzi zake zinabanana na kunyooka. Ubao wa namna hiyo ni mwepesi lakini haupindiki ovyo, na ndio unaotikisika vizuri. Mgongo, mbavu na shingo hutoka kwenye mti mwingine, mgumu zaidi, wenye mistari ya mawimbi inayocheza ukiigeuzageuza kwenye mwanga. Ule mbinuko wa uso na mgongo haupatikani kwa kukunja ubao. Unachongwa. Fundi anaanza na ubao mnene, anauchimba kwa patasi, kisha kwa randa ndogo zinazoshikwa kwa ncha za vidole, mpaka unene wa uso unabaki milimita mbili na nusu au tatu hivi. Akizidisha, ubao unakosa nguvu ya kubeba nyuzi. Akibakiza unene, sauti haitoki. Hakuna atakayemwambia aache wakati gani. Anaupindapinda ubao, anaugonga kwa kidole, anasikiliza.

Kisha yanakatwa matundu mawili yenye umbo la herufi f. Kisha ndani kabisa, mahali ambapo hampaoni, kinasimamishwa kijiti kimoja chembamba baina ya uso na mgongo. Hakigundishwi, kimebanwa tu. Kisogeze kidogo, hata milimita moja, na sauti ya fidla nzima inabadilika.

Upinde nao una nywele za mkia wa farasi, zilizopakwa utomvu mkavu wa msonobari. Bila utomvu, nywele zinateleza tu juu ya uzi na fidla inanyamaza. Ukiwapo, nywele zinaukamata uzi na kuuvuta pembeni, uzi unavutika mpaka unaponyoka, unarudi, unakamatwa tena. Kukamatwa na kuponyoka huko kunatokea mara mamia kwa sekunde moja. Noti ambayo wapigaji wa orkestra hutumia kulinganisha vyombo vyao ni mara 440 kwa sekunde. Lakini uzi ni mwembamba mno, peke yake hauwezi kusukuma hewa ya kutosha masikio yenu yakasikia. Kwa hiyo unaupokeza mtikisiko kwa kidaraja kilichosimama chini yake, kidaraja kinaupokeza kwa uso, uso kwa kile kijiti, kijiti kwa mgongo, na sanduku zima linaanza kupumua kupitia yale matundu. Wagogo wa Dodoma wanapopiga zeze lao kwa upinde, kazi ni hiyohiyo: uzi, upinde, na tumbo la kukuzia sauti.

Zama za Stradivari nyuzi zilikuwa utumbo wa kondoo uliosokotwa na kukaushwa. Mtu akiwaambia ulikuwa utumbo wa paka, anawatania.

Basi mzee akamaliza. Ndani ya kisanduku cha vigingi, pale nyuzi zinapokazwa, aliandika herufi G, alama ya kalibu aliyotumia. Kalibu hiyo ipo mpaka leo Cremona, kwenye Makumbusho ya Fidla. Akapaka vanishi yenye wekundu wa kuelekea chungwa. Kichwa cha fidla, mnajua, kinajikunja kwa umbo la konokono. Kwenye kingo za mkunjo huo akapitisha mstari mweusi. Mstari huo mweusi muuweke akilini.

Kisha hakuiuza. Stradivari alifariki Desemba 1737, akiwa amepita miaka 90, na fidla hiyo ilikuwa bado nyumbani kwake. Miaka 21 imekaa pale, wateja wanaingia na kutoka, nyingine zinaondoka, yenyewe ipo.

Wanawe Francesco na Omobono, waliofanya kazi naye karakanani, hawakudumu baada yake. Omobono alifariki 1742, Francesco mwaka uliofuata. Mali ikamwangukia mdogo wao Paolo, ambaye yeye alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Mwaka 1775 akatokea kijana wa miaka 20, mwinyi wa kutoka Piedmont, jina lake Ignazio Alessandro Cozio di Salabue. Alikuwa na pesa, na alikuwa na wazimu wa fidla. Akanunua zilizobaki kwa Paolo, Masihi ikiwamo, kisha ukoo wa Stradivari ukamuuzia na vifaa vya mzee: kalibu, michoro, vielelezo vya karatasi. Wafanyabiashara wengine wangeviona takataka.

Mimi namheshimu Cozio kwa jambo moja: alikuwa anaandika. Kila chombo kilichopita mikononi mwake alikipima, akaandika urefu, upana, rangi, maneno ya kwenye lebo. Watu wengi wenye mali hukusanya vitu bila kuacha hata karatasi moja, na wakifa vitu vinabaki mabubu. Cozio aliacha madaftari, na wanaochunguza fidla za zamani mpaka leo wanayafungua. Aliishi na Masihi zaidi ya miaka 50, na mwaka 1827 akaiuza.

Aliyenunua ndiye ninayempenda kuliko wote katika kisa hiki. Luigi Tarisio.

Tarisio hakuwa mwinyi. Alitoka familia ya kimaskini, upande wa Fontaneto kaskazini mwa Italia, akajifunza useremala, na fidla aliijua kwa kupiga kwenye ngoma za vijijini. Katika kuzunguka kwake aligundua jambo ambalo wakubwa wa mjini hawakuligundua. Kwenye nyumba za wakulima, makanisa ya vijijini na makazi ya watawa kulikuwa na fidla za mafundi wakubwa wa zamani, zimetundikwa ukutani, zimepasuka, hazina nyuzi, hakuna anayezijali. Yeye alizijua kwa kuzitazama. Inasimuliwa kwamba alikuwa akibisha hodi na fidla mpya mkononi, akijitolea kubadilishana. Mwenye nyumba anapata kipya kinachong'aa, Tarisio anaondoka na kikuukuu. Wote wawili wanacheka, ila mmoja anajua anachekea nini.

Mnaweza kumwita mjanja, nami sitawabishia. Lakini nawaambieni pia kwamba nyingi ya fidla hizo, bila yeye, zingeishia mekoni kuwa kuni.

Mwaka huohuo wa 1827 alifunga safari ya kwenda Paris, kwa miguu, na mzigo wa fidla mgongoni. Wauzaji wa Paris walipomwona amechakaa, viatu vimekwisha, walidhani wamepata mtu wa kumpunja, na safari ya kwanza walimpunja kweli. Hawakumpunja tena. Akawa anarudi kila baada ya muda, kila mara na mzigo mzuri zaidi, na bei zake zikawa zinapanda. Na kila alipokuja alikuwa na habari moja ya kuwatesa: ninyi mnashangilia hizi? Ninayo moja nyumbani, ya Stradivari, haijawahi kupigwa, iko vilevile ilivyotoka karakanani. Wanamuuliza iko wapi. Safari ijayo, anasema. Safari ijayo inafika, anakuja, ana fidla tele, lakini ile hana.

Miongoni mwa waliokuwa wakimsikiliza alikuwamo Jean-Baptiste Vuillaume, fundi na mwuzaji mkubwa kuliko wote wa Ufaransa wakati huo, na mkwewe Delphin Alard, mpiga fidla mashuhuri. Siku moja Tarisio ameanza tena sifa zake, Alard akamkatiza: kumbe fidla yako ni sawa na Masihi, watu wanaingoja siku zote na haitokei. Kicheko kikaenea karakana nzima. Jina likaganda hapo, na halijabanduka.

Tarisio hakuileta. Alifariki Milan mwaka 1854, na inasimuliwa kwamba alikutwa kwenye chumba chake cha juu kabisa, katikati ya fidla zake, mtu aliyeishi kimaskini juu ya utajiri. Habari zilipomfikia Vuillaume, hakusubiri barua ya pili. Alikusanya pesa zote alizoweza kuzipata akakimbilia Italia, wakati wa baridi, Januari 1855. Alikwenda mpaka kwenye shamba la ndugu wa marehemu karibu na Fontaneto. Huko alionyeshwa fidla nzuri mfululizo, moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikatolewa kwenye droo ya kabati bovu. Nyekundu. Haina alama ya kidevu, haina mkwaruzo wa vidole. Masihi alikuwepo kweli.

Vuillaume alilipa faranga 80,000 kwa hazina yote, vyombo karibu 150. Ndugu zake Tarisio waliona wameangukiwa na baraka. Vuillaume alijua kwamba amepata kwa bei ya kutupa. Hapa tena msiniulize nani alikuwa na haki. Biashara ya vitu vya kale imejaa visa vya namna hii, na anayejua thamani ndiye anayeondoka na kitu.

Kwa kuwa sasa alikuwa nayo, alifanya nini? Aliifungua. Msishtuke: gundi ya mafundi wa fidla imetengenezwa kwa ngozi za wanyama, inaachia bila kuharibu mbao, na fidla karibu zote za zama za Stradivari zimefunguliwa. Muziki ulikuwa umebadilika, kumbi zimekuwa kubwa, wapigaji wanataka sauti ya juu na yenye nguvu. Akairefusha shingo kidogo, akabadilisha ule mhimili mwembamba unaoshikilia uso kwa ndani, akaweka vigingi vipya na kishikio kipya cha nyuzi. Kwenye kishikio hicho alichonga picha ya kuzaliwa kwa Yesu, ili jina la utani lipate sura. Mimi naona alizidisha. Lakini vingine vyote aliviacha, na fidla akaiweka ndani ya kabati la kioo na kukataa kuiuza mpaka alipofariki mwaka 1875.

Baada yake, nani akaimiliki? Alard. Yuleyule aliyeitania ndiye aliyemalizia uzee wake akiwa nayo nyumbani.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Alard alifariki 1888. Mwaka 1890 duka la Hill la London liliinunua kwa niaba ya tajiri mmoja wa Edinburgh, Robert Crawford, kwa pauni 2,000. Mwaka 1891 Joseph Joachim, mmoja wa wapigaji wakubwa wa karne ile, alipata nafasi ya kuipiga, akamwandikia Crawford kwamba ina utamu na ukuu pamoja. Ikarudi kwa akina Hill, ikatoka, ikarudi tena. Mwishowe, mwaka 1939, ndugu wawili wa familia hiyo, Arthur na Alfred Hill, waliikabidhi Makumbusho ya Ashmolean pamoja na vyombo vingine vya thamani, ikiwamo fidla ya Andrea Amati ya mwaka 1564. Nia yao ilifahamika: Masihi ikae pale iwe kipimo, mafundi wa vizazi vijavyo waje waone fidla ya Stradivari ilivyokuwa siku ilipozaliwa.

Na sasa ule mstari mweusi. Fidla nyingine za Stradivari zimeshikwashikwa miaka mamia, na kingo za kichwa zimesuguliwa mpaka wino umefutika. Ya Masihi bado ipo. Vanishi bado imetanda. Kona bado ni kali. Tunapoangalia fidla nyingine za mzee huyo na kuona zimelainika, zimefifia, zina doa pale kidevu kilipokaa, tunaona kazi ya Stradivari pamoja na kazi ya jasho la watu. Hapa tunaona ya Stradivari karibu yote.

Lakini hilo hasa ndilo lililoiletea balaa. Mnamo miaka ya mwisho ya 1990, mtaalamu wa vyombo kutoka Makumbusho ya Metropolitan ya New York, Stewart Pollens, aliuliza hadharani: kitu cha mwaka 1716 kinawezaje kuwa kipya hivi? Tena kilipita mikononi mwa Vuillaume, ambaye alikuwa bingwa wa kunakili fidla za zamani. Inasimuliwa kwamba aliwahi kutengeneza nakala ya fidla ya Paganini, mpiga fidla mashuhuri, na Paganini mwenyewe akashindwa kuzitofautisha. Je, Masihi si kazi ya Mfaransa huyo?

Ubishi ukawa mkali. Mahakama iliyoitwa kuamua ilikuwa mti wenyewe.

Mnajua kwamba mti wa nchi za baridi huongeza mviringo mmoja kila mwaka. Mwaka mzuri, mviringo mpana. Mwaka wa shida, mwembamba. Miti ya milima ile ile ilipata mvua ile ile na baridi ile ile, kwa hiyo mpangilio wa miviringo yake hufanana. Kwenye uso wa fidla miviringo hiyo huonekana kwa mistari iliyonyooka, na mtaalamu anaweza kupima upana wa mmoja mmoja, akaulinganisha na miti ambayo tarehe zake zinajulikana. Mtaalamu mmoja, akitumia picha tu, alikadiria mwaka 1738, mwaka mmoja baada ya Stradivari kuzikwa. Fikirieni kelele zilizotokea. Baadaye akaliondoa kadirio hilo. Waliofuata waliipima fidla yenyewe, kundi la Uingereza kwanza, kisha la Marekani, na wote walifika kwenye miaka ya 1680 kwa mviringo wa mwisho. Ubao una umri unaomfaa Stradivari. Ukweli ni kwamba ubao wa zamani peke yake haumtaji aliyeuchonga, maana fundi wa baadaye angeweza kutumia mbao kuukuu. Lakini ukijumlisha miviringo, mkono unaoonekana kwenye uchongaji na ile herufi G, wataalamu wengi leo hawana shaka tena.

Najua swali lenu linalofuata, maana kila kijana huliuliza. Je, ndiyo fidla nzuri kuliko zote duniani? Hapo nitawavunja moyo kidogo. Mwaka 2010, mjini Indianapolis, Marekani, mtafiti Claudia Fritz na wenzake waliwapa wapiga fidla 21 vyombo vya kujaribu, vingine vipya, vingine vya Stradivari na fundi mwenzake Guarneri. Waliwafunika macho kwa miwani ya giza. Wengi wao hawakuweza kutambua kipi ni cha zamani, na walichokipenda zaidi mara nyingi kilikuwa kipya. Jaribio lilirudiwa Ufaransa na wapigaji mashuhuri, matokeo yakawa ya mwelekeo uleule. Mafundi wanaoishi leo wanajua kazi yao. Wengine waliijua kwa kupima na kuchora vyombo vilevile vilivyokaa kwenye makabati ya makumbusho.

Kuna wanaosema kuinyamazisha fidla ni dhambi. Wanaonyesha mfano wa Genoa, ambako fidla ya Paganini, ya fundi Guarneri, inamilikiwa na mji na bado hutolewa ikapigwa. Wanaonyesha Cremona, ambako mwanzoni mwa 2019 mitaa ya karibu na Makumbusho ya Fidla ilifungwa kwa magari, na meya akawaomba wananchi wapunguze kelele kwa wiki kadhaa, ili sauti za vyombo vya Stradivari na wenzake zirekodiwe noti kwa noti kabla hazijazeeka. Hata viatu vya visigino kwenye mawe ya barabara vilikuwa adui. Ni mambo mazuri, na ningependa kuwapo.

Hata hivyo mimi nasimama na ndugu wa Hill. Fidla za Stradivari zinazopigwa zipo mamia. Anayetaka kuzisikia atazisikia leo usiku kwenye ukumbi fulani wa Ulaya, Marekani au Japani. Isiyochakaa ni hii. Kila saa ya kupigwa ingekula vanishi yake kidogo, na kilicholiwa hakirudishwi na fundi yeyote, hata awe na mkono wa Stradivari mwenyewe. Hakuna atakayeikosa kwenye tamasha. Mafundi wangeikosa sana.

Na jina la yule seremala wa Fontaneto halikupotea pia. Mwaka 2011 fidla nyingine ya Stradivari iliyohifadhika vizuri, ya mwaka 1721, iitwayo Lady Blunt, iliuzwa kwa dola milioni 15.9 za Marekani, na fedha zikaenda kuwasaidia waathirika wa tsunami ya Japani. Kampuni iliyoendesha mnada huo inaitwa Tarisio.

Mkijaliwa kufika Oxford, Ashmolean haina kiingilio. Ulizeni chumba cha vyombo vya muziki. Msipoteze muda kwenye kishikio cha nyuzi chenye mtoto Yesu, hicho ni cha Vuillaume. Zungukeni upande, inameni kidogo, tazameni kingo za kichwa. Mstari mweusi mtakaouona pale aliupitisha mzee wa miaka 70 na ushee, mwaka 1716.